Naamka saa tisa usiku kuhesabu madeni. Je, nimepoteza imani?

*"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naimba kwaya, nimeokoka tangu nikiwa binti. Mume wangu alipunguzwa kazini mwezi wa pili na mpaka leo anabangaiza. Tulichukua laki nane kwenye hii mikopo ya mtaani, marejesho ni kila wiki, na sasa wanatufuata hadi mlangoni. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha pili shule binafsi. Tunadaiwa ada laki nne na nusu, na mtihani wa taifa umekaribia. Kila usiku naamka saa tisa, moyo unakwenda mbio, nahesabu madeni mpaka kunakucha. Nimefunga, nimeomba, nimesimamia Mathayo 6, lakini hofu haiondoki. Mtumishi mmoja ninakokwenda kwa maombi ya katikati ya wiki aliniambia hofu ni dhambi na kwamba naziba baraka zangu mwenyewe. Akanitaka nipande mbegu, yaani sadaka, ya laki mbili na niache vidonge vya presha kama ishara ya imani. Vidonge nimeacha, hii ni wiki ya pili. Mbegu sijapata. La mwisho naona aibu kuliandika. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama, na fedha za kikundi ziko kwenye laini ninayoitunza. Nimewaza kuchukua laki nne na nusu nilipe ada, nirudishe kabla ya mgao wa Desemba. Hakuna atakayejua. Je, huo si mlango Mungu ameufungua? Na je, ni kweli sina imani?"*

Amina, dada yangu. Nianze na vidonge, maana mengine yanaweza kusubiri, hili haliwezi. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya ulikoandikiwa dawa, upimwe presha, umwambie mhudumu bila kuficha kwamba umeacha dawa na ni kwa muda gani. Yeye ndiye atakayekuambia uanze vipi tena. Usikisie, na usimeze mara mbili ili kufidia siku zilizopita. Presha ni ugonjwa wa kimya: inaweza kuwa juu sana nawe usihisi chochote. Na zipo dawa za presha ambazo mtu akiziacha ghafla, mapigo ya moyo hupanda kwa kasi kuliko hata kabla hajaanza kuzitumia. Huenda sehemu ya huo moyo unaokwenda mbio saa tisa usiku ni mwili wako unaidai dawa yake, wala hauna neno na imani yako.

Shetani alipompandisha Yesu kwenye kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, alikuwa na andiko mkononi, tena andiko zuri kutoka Zaburi ya 91. Yesu hakusema andiko lile ni la uongo. Alisema, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Kuacha dawa ili kumwonyesha Mungu kwamba unamwamini ni kusimama kwenye kinara kile kile. Paulo alipoandika kwamba Timotheo ana tumbo linalomsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, alimshauri atumie mvinyo kidogo. Hakumtaka aumwe ili imani yake ionekane. Na katika watu waliokuwa karibu na Paulo alikuwamo Luka, ambaye yeye mwenyewe anamwita tabibu mpendwa.

Sasa swali lako lenyewe. Unauliza kama una imani, lakini nikisoma barua yako naona swali la pili chini yake: je, Mungu amenikasirikia kwa sababu naogopa? Hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko deni. Deni ni laki nane na ada laki nne na nusu. Zinahesabika. Hasira ya Mungu unayoiwazia haihesabiki, kwa hiyo akili inaizunguka usiku kucha bila kufika mwisho.

Tuifungue Mathayo 6 yenyewe, taratibu. Mstari wa 25 unaanza na maneno ambayo tukiimba na kuhubiri tunayaruka: "Kwa sababu hiyo." Kwa sababu ipi? Ya mstari wa 24, kwamba hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili, Mungu na mali. Yesu anazungumza na wavuvi, wakulima na vibarua wa Galilaya, watu ambao chakula cha kesho kweli hakikuwa na uhakika. Hawaambii shida yenu ni ya kubuni. Anawaambia shida hii isiwe bwana wenu. Watafsiri wa Biblia ya Union walichagua neno zuri: "Msisumbukie." Kiswahili chetu kinatofautisha kusumbuliwa na jambo na kulisumbukia. Deni linakusumbua, huna hiari katika hilo. Kulisumbukia ni kuanza kulitumikia: likikuambia danganya, unadanganya, likikuambia chukua kisicho chako, unachukua. Tafsiri za karibuni zinasema "msiwe na wasiwasi", na hapo msomaji anaona kama ameamriwa asihisi kitu. Mtu hawezi kuamriwa asihisi.

Tena neno lile la Kigiriki alilotumia Mathayo, Paulo analitumia kwa namna mbili. Kwa Wafilipi anasema "Msijisumbue kwa neno lo lote." Lakini katika 2 Wakorintho 11:28, akitaja mizigo yake, anasema kuna jambo linalomjia kila siku, "maangalizi ya makanisa yote." Ni neno la ukoo ule ule. Katika Wafilipi hiyo hiyo anamsifu Timotheo kwa kuiangalia hali ya wenzake, na kitenzi ni kile kile. Moyo unaoweza kujali ndio huo huo unaoweza kuhangaika. Unaamka saa tisa kwa sababu unawapenda watoto wako. Mungu hakukasirikii kwa hilo.

Ningependa pia uyaweke kando maneno mawili tunayoyasikia sana makanisani. La kwanza ni kwamba "usiogope" imeandikwa mara 365 katika Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukikaa ukahesabu, hesabu hiyo huipati. Ni maneno matamu, lakini yanamfanya mtu aone anavunja amri ya Mungu kila siku. Mara nyingi "usiogope" ya Biblia husemwa kama mama anavyomwambia mtoto aliyeshtuka gizani, "nyamaza, nipo." Hakuna mama anayemchapa mtoto kwa kushtuka. La pili ni kwamba Mungu hakupi mzigo unaozidi nguvu zako. Andiko linalotajwa ni 1 Wakorintho 10:13, nalo linahusu kujaribiwa kutenda dhambi. Kuhusu mizigo, Paulo huyo huyo anakiri kwamba kule Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mtume alilemewa kuliko nguvu zake. Nawe unaweza kulemewa, na ukabaki mtoto wa Mungu.

Kuhusu mwili, hebu nikueleze kinachotokea saa tisa, kwa sababu ukikielewa hutakiita pepo. Mungu ametuumba na kengele ya hatari. Ubongo ukihisi tishio, unaziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni, adrenalini kwanza na nyingine zikifuata. Moyo huongeza kasi, misuli hukaza, tumbo husimamisha kazi, usingizi hukatika. Kengele hiyo ni nzuri ukikutana na nyoka shambani. Tatizo ni kwamba haijui tofauti ya nyoka na mdai wa Jumatatu. Mchana una kufua, kupika, kuimba, kwa hiyo inasikika kwa mbali. Usiku kila kitu kimenyamaza, inasikika yenyewe tu. Ukiilazimisha akili isiwaze deni, ndipo inapoliwaza zaidi, maana ili ihakikishe hailiwazi lazima iende kuliangalia. Ndiyo sababu kukemea peke yake hakujakusaidia. Kadiri unavyojikemea ndivyo unavyoongeza tishio la pili juu ya la kwanza: naogopa deni, na sasa naogopa kwamba naogopa.

Mfanye Daudi mwalimu wako hapo. "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," ndivyo inavyosema Zaburi 56:3. Hakusema hofu ikiisha. Siku ni moja, na hofu na tumaini vyote vimo ndani yake. Kwa hiyo usiku wa leo ukiamka, usibishane na hofu kitandani. Ikikupita kama dakika ishirini bila usingizi, inuka, kaa kwenye kiti, pumua polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Hiyo ni lugha ambayo kengele ya mwili inaielewa. Kisha soma zaburi moja ya kulia, ya 13 au ya 42, kwa sauti ndogo. Zile za ushindi zitasubiri mchana. Na kesho jioni, kabla ya chakula, kaa robo saa na daftari, uandike kila kinachokuamsha na karibu yake hatua moja inayowezekana kesho yake, au neno "sina la kufanya, namwachia Mungu." Akili ikijua ina saa yake ya kuhesabu madeni, polepole huacha kukuamsha ikahesabu gizani. Haitakuwa usiku mmoja. Jipe wiki kadhaa.

Nije kwenye fedha za kikundi, mahali ambapo barua yako ilinishika zaidi.

Umeuliza kama huo ni mlango wa Mungu. Hapana, dada yangu. Nakuheshimu mno kwa kuliandika kabla hujalitenda. Soma 1 Samweli 13. Mfalme Sauli yuko Gilgali, adui zake Wafilisti wamejikusanya Mikmashi, ameambiwa amngoje nabii Samweli siku saba. Siku ya saba imefika, Samweli haonekani, watu wanatawanyika. Akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli akatokea. Sikiliza utetezi wake: watu walikuwa wanaondoka, wewe hukuja, adui wamekusanyika, nikajilazimisha. Kila alichosema kilikuwa kweli. Hofu haikumletea Sauli uongo. Ilimletea ukweli mtupu, ila ikaufupisha muda mpaka kutotii kukaonekana ndiyo njia pekee iliyobaki. Ndivyo inavyofanya kazi hata leo. "Hakuna atakayejua", "nitarudisha kabla ya Desemba", "ni kwa ajili ya mtoto". Maneno hayo yote yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanapenya.

Na hesabu yenyewe haikubali. Mwenye marejesho ya kila wiki yaliyomshinda atatoa wapi laki nne na nusu kabla ya Desemba? Mwanakikundi mmoja akiuguliwa mwezi ujao na akaja kuomba mkopo, utamjibu nini? Vikundi vyetu vilianza na sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Hawakufanya hivyo kwa kuwa akina mama ni wezi. Walijua ipo siku mama mwaminifu kabisa ataamka saa tisa usiku na ufunguo mkononi. Laini ya simu imeondoa kufuli mbili. Zirudishe. Mwambie mwenyekiti wako kwamba mzigo wa nyumbani umekuwa mzito na ungependa mtu wa pili ahusike kila fedha inapotoka. Huna wajibu wa kulitangazia kundi zima wazo lililopita kichwani. Kwa mwenyekiti maneno hayo yanatosha. Kisha omba kwa mlango wa mbele. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya dharura, na una haki ya kukopa kama mwanachama yeyote. 1 Wakorintho 10:13 inaahidi "mlango wa kutokea". Mlango huo mara nyingi una aibu kidogo kizingitini, kwa sababu unakutaka useme "nimekwama" mbele ya watu.

Hiyo inanikumbusha mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Alimwendea nabii Elisha, na mtumishi aliyekudai laki mbili angefaa aisome sura hii. Elisha hakumwambia alete kitu. Alimuuliza, "Una nini nyumbani?" Akamtuma kwa majirani akaazime vyombo, vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Muujiza ulipokwisha, alimwambia auze mafuta, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Elisha hakuchukua hata chupa moja. Angalia pia kwamba mama huyu alipaswa kubisha hodi mlango baada ya mlango, na bila shaka aliulizwa vyombo vyote hivyo ni vya nini. Sadaka ni ibada, na siipingi. Lakini Paulo anasema itolewe "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Mbegu inayodaiwa kwa mama anayefuatwa na wadai, tena kwa kumtishia kwamba baraka zake zitazibwa, imekosa vyote viwili. Usiipande. Huko kwa maombi ya katikati ya wiki, ushauri wangu ni kwamba upumzike kwenda kwa sasa, na umweleze mchungaji wa kanisa lako yaliyosemwa.

Kuhusu ada na mkopo nitakuwa mkweli, sitakuahidi kwamba ukitii fedha itatokea wiki ijayo. Kumbuka safari ya Paulo kuelekea Rumi, Matendo 27. Walikuwa watu 276 ndani ya merikebu moja katika dhoruba, na Mungu alikuwa ameahidi kwamba hakuna atakayekufa. Ahadi hiyo haikumkalisha Paulo. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, aliwaambia askari hao wasipobaki hamtaokoka. Siku ya kumi na nne akawasihi wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala. Wakaitupa ngano baharini ili merikebu iwe nyepesi. Usiku ule walikuwa wametupa nanga nne upande wa nyuma wa merikebu, wakaomba kuche. Na mwisho wake merikebu ilivunjika. Watu wote walifika pwani salama, wengine juu ya mbao, lakini merikebu na shehena vilipotea.

Inawezekana shule binafsi ni merikebu yako. Nalisema kwa upole kwa sababu najua mmejinyima kiasi gani. Binti amekwisha kusajiliwa kwa mtihani hapo alipo, kwa hiyo kumhamisha sasa si busara. Nendeni wewe na baba yake kwa mkuu wa shule, na kiasi chochote mkononi hata kama ni elfu hamsini, mwombe mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa maandishi ili amalize mtihani. Baada ya hapo, ongeeni juu ya shule ya serikali. Hapa Tanzania, tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Sare na mahitaji mengine yatabaki, lakini mzigo utakuwa mwingine kabisa. Binti mwenye mama mzima katika shule ya kata ana heri kuliko yule wa shule nzuri ambaye mama yake amelazwa kwa kiharusi.

Kwa wakopeshaji, msikope pengine ili kuwalipa. Waombeni taarifa ya deni kwa maandishi: mlichukua kiasi gani, mmelipa kiasi gani, riba ni ipi. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni. Akiwa hataki kuonyesha leseni wala hesabu, au anatishia kubeba vyombo vyenu, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hajafika tena.

Barua yako haisemi kama mumeo anajua kuhusu usiku wako. Nina wasiwasi kwamba hajui. Mwanamume aliyepoteza kazi mara nyingi hulala macho wazi upande wa pili wa kitanda hicho hicho, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kunyamaza. Mwambie.

Kuna dalili ambazo hazisubiri barua wala maombi ya usiku. Maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kwa namna usiyoijua, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu: hospitali saa hiyo hiyo. Ukijikuta unawaza kwamba nyumba ingekuwa na nafuu kama usingekuwepo, mwambie mumeo siku hiyo hiyo na mwende hospitali pamoja. Nabii Eliya aliomba afe chini ya mti wa mretemu, na Mungu hakumkaripia. Alimtuma malaika na mkate wa moto na gudulia la maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Na hata kama deni litapungua, hofu ikiendelea siku nyingi kwa miezi kadhaa, mwombe daktari akupime zaidi, pamoja na tezi ya shingo, kwa sababu nayo ikizidisha kazi huupeleka moyo mbio. Akikuelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili, kubali. Watu wakisikia neno hilo hufikiria Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na kukimbia, wakati huduma hiyo ipo katika hospitali nyingi za mikoa, na wengi wanaoipata hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa kesho, basi, sina agizo kubwa kwako. Asubuhi, kituo cha afya. Mchana, mpigie mwenyekiti wa kikundi. Jioni, daftari na mumeo. Kati ya hayo mtakula, hata kama ni ugali na mchicha, na mtashukuru kabla ya kula kama Paulo alivyofanya merikebu ikiwa bado inayumba. Hofu huenda ikaambatana nawe katika kila mlango. Nenda nayo. Ukishapimwa presha niandikie umeambiwa nini.